Robo ya Nyumba

Košice, 14 Januari 2019

Shikamoo Baba,

Natumaini goti halijakusumbua tangu theluji ianze, na kwamba zile soksi za sufu unazivaa, hujazikunja vizuri na kuzitunza kabatini kama za mwaka juzi. Sisi huku hatujambo. Nela amerefuka tena, suruali aliyonunuliwa Septemba inaishia juu ya kifundo cha mguu. Mwalimu wake anasema ni mtoto msikivu sana. Huyo mtoto msikivu mimi nyumbani sijamwona.

Jikoni shuleni kazi ni ile ile. Watoto mia tatu na arobaini, wapishi wanne, na mashine ya kumenya viazi inayomenya ikijisikia. Jana tulipika dengu na yai, nusu ya sahani zikarudi kama zilivyokwenda.

Nakuandikia kwa sababu simu yako huiwashi mpaka Jumapili, na ukiiwasha unapiga kelele kana kwamba niko Amerika. Nilitaka kukwambia kwamba mwaka huu sitaweza kuja siku ya kuchinja nguruwe. Kuna zamu ambazo siwezi kubadilishana na mtu. Niwekee soseji mbili tu, na usile mafuta mengi, daktari alishasema.

Mwanao,
Renáta

Jelšinky, 23 Januari 2019

Marahaba mwanangu,

Mimi mzima, goti linalalamika lakini linatembea. Soksi nimevaa, moja ina tobo tayari. Nguruwe ana kilo mia na themanini na ananitazama kama vile anajua tarehe.

Sasa nikuulize, bibi wewe. Tunachinja tarehe mbili Februari. Hiyo ni Jumamosi. Tangu lini shule inapika Jumamosi?

Umesahau baba yako alikuwa nani. Miaka thelathini na nne nimebeba barua za kijiji hiki, kwa baiskeli na kwa miguu. Barua yako umeiandika nyuma ya orodha ya chakula cha shule, na stempu umeibandua kwenye bahasha nyingine, gundi inaonekana. Hujawahi kukosa siku ya nguruwe. Hata mwaka ule ulipokuwa na mimba ya Nela ulikuja, ukakaa uani unatapika kwa sababu ya harufu, na bado ukakoroga damu ya soseji.

Kazini nilijua watu wa aina mbili. Kuna waliofungua mlango nikigonga, na kuna waliosimama nyuma ya pazia wamebana pumzi mpaka nipite. Hao wa pili nilikuwa naona vidole vyao vya miguu chini ya pazia. Nilikuwa nikifika nyumbani namwigizia mama yako, Mungu amrehemu, anacheka mpaka anashika ubavu.

Nakuona vidole, Renáta. Sema kuna nini.

Baba yako

Košice, 4 Februari 2019

Shikamoo Baba,

Natumaini nyama imekauka vizuri na hujapanda ngazi peke yako kuitundika. Afya yetu si mbaya.

Haya, umenishika. Nauli ya basi kwenda na kurudi, mimi na Nela, ni euro ishirini na mbili. Siku ile nilikuwa na tisa, na mshahara ulikuwa bado siku sita.

Nitakueleza yote kwa mara moja, maana nikianza kuchagua nitaficha tena. Unakumbuka gari la Miloš, lile la kusambazia mizigo? Mkopo ulikuwa wake, lakini mdhamini nilikuwa mimi. Nilisaini mezani kwangu nikiwa nimeshika mwiko. Talaka ilipotoka yeye akaenda Ujerumani, akaingia mitini, na deni likabaki na mimi. Nikakopa kwa wale wa matangazo ya redioni ili nilipe benki. Kisha nikakopa kwingine niwalipe wa redioni. Leo nadaiwa euro elfu ishirini na moja na mia nne. Mshahara wangu ni mia tano na tisini, na dalali wa mahakama anakata chake kabla sijauona. Kinacholipwa ni riba tu, deni lenyewe halijaguswa.

Kuna mwenzangu jikoni, Gita, aliyeomba mahakama imtangaze mufilisi. Wakachukua alichokuwa nacho, yaani pikipiki mbovu, na madeni mengine yakafutwa. Sasa anapokea mshahara wake wote, na kazini anaimba, jambo ambalo hatukuliomba. Nami nafikiria kufanya hivyo. Sijaamua.

Nina hofu mbili. Ya kwanza ni aibu, maana jina linachapishwa kwenye gazeti la serikali. Ya pili ndiyo inayonikosesha raha. Mama alipofariki, katika urithi nilipewa robo ya nyumba yako. Nikitangazwa mufilisi, robo hiyo ni mali yangu, na mali yangu itauzwa. Anaweza kuinunua mtu yeyote, akaja na karatasi kukwambia robo ya jikoni ni yake. Nyumba uliyoijenga na Mama kwa mikono yenu. Siwezi kukufanyia hivyo kwa sababu ya gari la Miloš.

Nisamehe kwa uongo wa zamu.

Mwanao,
Renáta

Jelšinky, 11 Februari 2019

Marahaba mwanangu,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilimtukana Miloš, mara ya pili nikakutukana wewe kidogo, mara ya tatu nikalia, kwa hiyo mambo yapo sawa. Nilimwambia mama yako zamani, yule kijana akikupa mkono ni kama amekupa samaki.

Aibu ya gazeti iache. Hapa Jelšinky gazeti la serikali nani analisoma? Tunasoma matangazo ya vifo na bei ya mbolea. Na kwa taarifa yako, kila nyumba ya tatu hapa dalali alishaipigia hodi. Najua kwa sababu barua zao nilizileta mimi.

Kuhusu robo, baba yako ana akili bado. Nimeongea na katibu wa kijiji. Unaandika hati kwamba unanipa robo hiyo kama zawadi, tunasaini, nyumba yote inakuwa yangu. Kisha unaenda mahakamani mikono mitupu. Wakikuuliza una nini, unasema una sufuria. Njoo wiki ijayo, fomu anayo, slivovica, pombe yangu ya plamu, ya kumshukuru ninayo.

Dereva wa basi la saa nne atakupa kifurushi. Soseji sita, na ndani ya soksi kuna euro arobaini. Soksi ni safi.

Baba yako

Košice, 27 Februari 2019

Shikamoo Baba,

Natumaini goti linaendelea vizuri. Soseji ziliisha siku ya pili, moja nilimpa Gita naye akaimba. Zile arobaini zimelipa umeme. Ahsante, Baba.

Kabla ya kuja kusaini nilienda kwanza kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Mwanasheria ni msichana mdogo, ana mafua na meza imejaa karatasi za watu kama mimi. Nilipomtajia hati ya zawadi akainua kichwa ghafla. "Mmeshasaini?" Nikasema bado. "Dada, usithubutu. Ukigawa mali leo na kesho ukaja kusema huna kitu, mahakama itaona umekuja na ujanja. Zawadi itarudishwa, na huo msamaha wa madeni utausikia kwa wenzako tu. Baba yako anakupenda, lakini angekumaliza."

Kwa hiyo robo lazima iandikwe kwenye orodha, wazi. Anasema mwenye sehemu kubwa ya nyumba hupewa nafasi ya kwanza ya kuinunua. Nilimwambia baba yangu anaishi kwa pensheni ya posta, ananunua nini.

Tena kuna jambo jingine. Anataka orodha ya kila ninayedaiwa naye, hata wa euro tano. Anahisi kuna mmoja hatujamjua, kuna makato kwenye mshahara ambayo hayalingani na karatasi nilizonazo. Kwenye kitambulisho anwani yangu bado ni kwako, maana mwenye nyumba hapa hataki tuandikishwe kwake. Baba, kuna kitu chochote kimewahi kufika huko kwa jina langu? Tafadhali nijibu hilo haraka. Bila karatasi ya deni hilo maombi hayaendi.

Mwanao,
Renáta

Košice, 10 Aprili 2019

Shikamoo Baba,

Wiki sita sasa hujanijibu. Nimepiga simu Jumapili zote, inaita mpaka inachoka. Jana nikampigia Jolana wa posta. Anasema u mzima, unapasua kuni, unamsalimia. Nilipomuuliza kama kuna barua zangu zimewahi kuja, alikumbuka ghafla kwamba ameacha kitu jikoni. Jolana ulimfundisha kazi wewe mwenyewe, na hajui kudanganya hata kidogo.

Kama umenikasirikia kwa ajili ya nyumba, nakuelewa. Sema tu, niache. Nitaendelea kulipa hivi hivi, watu wanaishi hivyo. Lakini usininyamazie. Nela anauliza kama babu anaumwa, na mimi sijui nimjibu nini.

Mwanao,
Renáta

Jelšinky, Ijumaa Kuu, 19 Aprili 2019

Marahaba mwanangu,

Mimi si mgonjwa. Mimi ni mwoga, ndiyo habari ya afya yangu.

Jana nilienda kuungama. Padri akanisikiliza, akasema, "Mzee Vendelín, hilo si la kuniambia mimi, mwandikie mwanao." Leo posta imefungwa, Jolana ataipeleka sikukuu zikiisha.

Ndani ya barua hii utakuta bahasha tatu zenye mstari mwekundu wa mahakama. Zina jina lako. Ya kwanza ilikuja Oktoba mwaka juzi, ya pili mwezi wa Machi uliofuata, ya tatu kabla tu ya barua yako ya zamu. Ni barua za rejista, anayepaswa kusaini ni wewe. Jolana alinionea huruma, akaniachia nisaini mimi. Usimseme, nilimwomba kama mtoto.

Sikuzifungua. Nilijua ni nini, bahasha hizo nimezibeba maelfu. Nikaziweka kwenye droo ya cherehani ya mama yako, chini ya vifungo. Nilijiambia labda ni kosa, labda itapita, labda ukija Krismasi nitakwambia. Ukaja Krismasi mbili, tukala supu ya kabichi, tukacheka, nami macho kwenye cherehani. Najua vizuri kuliko mtu yeyote kijijini kwamba barua isiyofunguliwa inafanya kazi yake vile vile. Siku za kupinga zinahesabiwa, riba inapanda. Nilikuwa nawaambia watu hayo mlangoni. Nikawacheka watu wa pazia miaka yote ile, na wewe nikakuandikia kwa kiburi kwamba nakuona vidole, huku mimi mwenyewe nimesimama nyuma ya pazia hilo hilo na bahasha zako mkononi.

Nisamehe, Renáta. Sikutaka dunia ikuguse, nikaiacha ikugonge zaidi.

Kuhusu nyumba, sikukukasirikia hata siku moja. Iandike robo kwenye orodha. Nitainunua.

Ninayo pesa. Kitabu cha akiba kina euro elfu mbili mia saba na hamsini. Ni za mazishi yangu, nimeziweka tangu mama yako aondoke, za jeneza, padri, bendi ya tarumbeta na chakula cha watu baada ya kaburi. Jiwe lipo tayari, jina langu liko pembeni ya la mama yako, umebaki mwaka tu wa kuchonga. Likisubiri kidogo halitaoza.

Peleka bahasha hizo kwa yule msichana mwenye mafua. Na Pasaka njema.

Baba yako

Košice, 8 Julai 2019

Shikamoo Baba,

Natumaini joto halikuzidi na unakunywa maji, siyo ile dawa yako ya plamu tu.

Nilikukasirikia siku mbili. Siku ya kwanza nilimenya viazi vya watoto wote kwa mkono, mashine nikaizima, Gita akaogopa kuimba. Siku ya pili nilikumbuka nami nina droo yangu hapa, chini ya taulo, na ndani yake bahasha kumi na moja sijazifungua. Tumefanana, Baba. Mama angetupiga mwiko wote wawili.

Ile ya kwanza uliyoificha ilikuwa deni la euro mia sita na arobaini, mkopo ambao Miloš aliuchukua kwa jina langu. Sikuujua kabisa. Leo umefika elfu mbili na mia tisa. Ningeupinga wakati ule, labda ningeshinda. Mwanasheria alipoziona bahasha akapiga chafya, akasema, "Afadhali zimekuja sasa kuliko zisije kabisa." Yote yameingia kwenye orodha moja.

Mwezi Mei mahakama ilinitangaza mufilisi. Jina lilichapishwa. Nilienda kazini siku ile nikidhani watanitazama, na mpishi mkuu akaniuliza kama nimetia chumvi kwenye wali.

Juni nilipokea mshahara wote. Mara ya kwanza kwa miaka minne. Nilisimama mbele ya mashine ya benki nikitazama namba mpaka mama mmoja nyuma yangu akauliza kama nahitaji msaada. Nimemnunulia Nela suruali mbili, ndefu kupita kiasi, ziwe na akiba. Gharama ya maombi nitailipa kidogo kidogo, hiyo naiweza.

Sasa robo. Msimamizi wa mali amesema ni euro elfu mbili na mia sita, na atakuandikia wewe kwanza. Baba, nakuomba, usifanye. Hiyo ni bendi yako na jeneza lako. Labda hakuna mwingine atakayeitaka, nani anunue robo ya nyumba Jelšinky? Subiri.

Mwanao,
Renáta

Jelšinky, 16 Septemba 2019

Marahaba mwanangu,

Mimi mzima sana, na nitakueleza kwa nini ni lazima.

Nimenunua. Usianze kulia kwenye dengu za watoto. Unasema nani aitake robo ya nyumba Jelšinky. Agosti alikuja bwana mmoja wa mjini na viatu vyeupe, akapima ua kwa hatua, akaniuliza kisima kina maji mwaka mzima. Nikamwambia kina maji na kina mbwa. Kesho yake nilipanda basi na kitabu changu cha akiba. Msimamizi ni mtu mpole, alinipa kalamu, akanionyesha pa kusaini. Safari hii nilisaini pangu.

Katika akiba imebaki mia moja na hamsini. Kwa hela hiyo nikifa napata tarumbeta moja na mpigaji wake hajapewa chakula. Kwa hiyo sifi. Nimemwambia daktari, nimemwambia na padri. Goti nimelianzishia mazoezi, kila asubuhi nakwenda mpaka daraja la kinu na kurudi. Nimeacha mafuta kwenye mkate, ila Jumapili. Itanichukua miaka tisa kurudisha akiba kwa pensheni hii, nimepiga hesabu, na kabla ya hapo mtu asinisumbue.

Jioni niliporudi na hati niliketi jikoni nikamwambia mama yako, nyumba ni yetu yote. Kisha nikaifungua ile droo ya cherehani. Kuna vifungo tu.

Sasa nini bado?

Baba yako

Košice, 7 Oktoba 2019

Shikamoo Baba,

Nililia, ila kwenye haluski, yale matonge ya unga na viazi, zinahitaji chumvi. Tembea mpaka hilo daraja kila siku, nakuamuru. Nela anasema miaka tisa haitoshi, anataka kumi na tano, kwa sababu unapaswa kucheza muziki kwenye harusi yake, na mchumba hajamwona bado.

Kimebaki kitu kimoja. Karatasi ya mahakama kwamba shauri langu limefungwa. Itakuja kwako, anwani ndiyo hiyo. Baba, itakuwa na mstari mwekundu. Ikija, tafadhali.

Mwanao anayekupenda,
Renáta

Košice, ngazini, ghorofa ya nne, 30 Novemba 2019

Renáta mwanangu,

Barua hii haina stempu wala haihitaji, naisukuma chini ya mlango wako. Samahani kwa mwandiko, naandikia gotini, na goti ndilo lile.

Bahasha ilifika juzi. Jolana akanipa kalamu, akageuza uso pembeni kama zamani. Nikamwambia, Jolana, hii si yangu, asaini mwenyewe. Akanitazama, akavua mkoba wake wa posta akanivika begani. "Basi ipeleke wewe, Mzee," akasema. Saa tatu nzima kwenye basi, na mkoba nimeupakata njia yote. Dereva hakunitoza nauli.

Sijaifungua. Lakini nimeipima mkononi, ni karatasi moja tu. Barua mbaya zina kurasa nyingi, hilo nakuambia kwa uzoefu.

Sasa nitakunja hii, nitaipitisha, kisha nitagonga. Nguruwe wa mwaka huu ana kilo mia mbili, tunachinja Jumamosi ijayo, na nauli zenu mbili ziko kwenye soksi. Kwanza lakini fanya hili moja. Naona kivuli chako chini ya mlango, Renáta, umesimama hapo.

Fungua, mwanangu. Ni posta.

Baba yako